Marehemu Aomba Likizo

Mliobana pumzi tangu gazeti la wiki iliyopita, sasa vuteni kidogo, maana huko mbele mtaihitaji tena.

Neno lilikuwa limeshamtoka. "Mke wangu!" Fundi Mvuke, fundi wa boila, alipiga kelele mbele ya ukumbi mzima wa kukunjia mashuka, huku amepiga magoti kando ya mwanamke aliyeanguka juu ya lundo la foronya. Mashine za pasi zilikuwa zikinguruma, lakini hakuna aliyekosa kusikia.

Tatizo halikuwa kumwita mke. Ni mkewe kweli, wa ndoa. Tatizo ni kwamba katika kiwanda hiki cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, mke na mume hawaruhusiwi kufanya kazi chini ya paa moja. Kanuni hiyo ilianza pale wenzi fulani waliposhirikiana kutorosha mashuka mapya, mmoja akiyapitisha dirishani na mwingine akiyapokea nje. Anayeficha ndoa anafukuzwa, na mwenzake anamfuata.

Tatizo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mume wa mwanamke huyu alishakufa.

Mgeni wa hadithi hii asishtuke, nitamweleza haraka. Mimba ilipoanza kuonekana, msimamizi wa ukumbi, mama wanayemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, aliuliza mume yuko wapi. Mkunja mashuka wetu akababaika, ulimi ukamteleza: "Alifariki." Kesho yake kiwanda kizima kilikuja kumpa pole. Wakatafuta mtu mwenye sauti nzito wa kusoma rambirambi, wakampata fundi wa boila. Basi Fundi Mvuke akasimama, akajisomea rambirambi yake mwenyewe, akakwama katikati, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Tangu siku hiyo mkewe akaitwa Dada Mjane.

Sasa marehemu alikuwa amepiga magoti ukumbini, na Kengele alikuwa amesimama juu yake.

"Umesema nini wewe?"

Fundi alifungua mdomo.

"Si amesema mke wangu," sauti ilijibu kutoka nyuma. Alikuwa Bi Madoa, mama mtu mzima anayesugua madoa sugu kabla mashuka hayajaingia mashineni. "Wote tumesikia. Mnashangaa nini? Tangu asome ile rambirambi, macho yake yako wapi? Kila akimaliza zamu anakuja hapa kumsaidia mjane kukunja. Boila ina mashuka?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, kisha ukumbi mzima.

Kengele alikunja uso. "Kwa hiyo unamtaka Dada Mjane?"

"Nda... ndiyo," Fundi alisema. "Namtaka."

"Na mwenzio hata arobaini yake haijapoa! Haya, mposaji, sogea hapo apate hewa."

Kanuni ilikataza mke na mume. Juu ya mposaji haikusema neno. Fundi Mvuke alikuwa ameponea kwenye tundu la sindano, lakini mkewe hakuwa amepona. Uso ulikuwa umemvimba, mikono ilikuwa baridi.

"Naona nyotanyota," alinong'ona.

Gari la kupeleka mashuka liligeuzwa haraka, likatandikwa mablanketi, mgonjwa akapakiwa. Fundi aliweka mguu ndani ya gari. Mkono wa Kengele ukamvuta shati.

"Boila umemwachia nani?"

Hakuwa amemwachia mtu. Mlango wa gari ulibamizwa na gari likaondoka. Fundi alikimbia kurudi chumba cha boila, akaukuta mshale wa presha umeshainamia kwenye nyekundu. Alifungua valvu, mvuke ukatoka kwa mlio mkali, mshale ukashuka. Na hapo ndipo alipobaki, akiutazama mshale, akijua mkewe yuko njiani peke yake, mpaka mwenzake wa zamu alipofika. Hakumsalimia. Alimtupia funguo na kutoka mbio.

* * *

"Baba wa mtoto nani?" muuguzi aliuliza kwenye korido.

"Mimi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikiri hilo hadharani.

"Hongera, una binti. Ila sikiliza vizuri. Mama presha ilipanda vibaya, imebidi afanyiwe upasuaji. Yuko hai, lakini hawezi hata kuinua mkono. Na mtoto amezaliwa kabla ya wakati, ni njiti. Vua shati."

"Nivue shati?"

"Anahitaji joto la ngozi. Mashine zetu zote zina watoto. Kifua chako ndiyo mashine."

Alikalishwa kwenye kiti cha kuegemea, akawekewa mtoto kifuani, wakafungwa pamoja kwa kitambaa. Kichwa cha binti kilienea kwenye kiganja chake. Maisha yake yote Fundi Mvuke alikuwa akipasha maji ya watu. Leo alipewa mtu ampashe, na alikuwa akiogopa kuliko siku yoyote aliyowahi kukaa mbele ya boila.

"Usishtuke ovyo," muuguzi alimwonya. "Ukishtuka wewe, naye anashtuka, na hawa wadogo wakishtuka wanasahau kupumua. Ukiona amenyamaza kabisa, msugue mgongo. Taratibu, lakini usiache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aongeze uzito. Mchana na usiku, wiki kadhaa. Mtu mwingine anaweza kukupokea uende kuoga, lakini wa kudumu ni wewe. Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Basi omba likizo. Mtoto akiwa njiti na mama hajiwezi, baba anapewa likizo ndefu na mshahara wake anaupata kama kawaida. Wasikuzungushe, hiyo ni haki yako." Alimtazama vizuri. "Mbona sura imekubadilika? Nimekupa habari njema."

Fundi angeanzia wapi?

Mkewe alipopata nguvu ya kuongea, Fundi alisukumwa pamoja na kiti chake mpaka kando ya kitanda. Jambo la kwanza alilofanya mama mzazi ni kumtazama binti yake. Jambo la pili ni kutikisa kichwa.

"Usiombe."

"Nisipoomba, nani atambeba?"

"Ukiomba kama baba, watajua. Wakijua, tunafukuzwa wote. Likizo yangu ya uzazi inakwenda, mishahara inakwenda, bima inakwenda. Hospitali hii tutakaa kwa kitu gani?"

"Nirudi kwenye boila basi? Nimwache?"

Machozi yalimshuka mkewe pembeni mwa macho, yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Fundi naye hakuweza kumfikia, kwa sababu ya mtoto.

"Yote ni ulimi wangu," mkewe alisema. "Ningesema tu umesafiri."

Hapo ndipo walipokuwa, msomaji. Akiomba likizo, mama anapoteza yake. Asipoomba, mtoto anakosa kifua. Na asubuhi ilikuwa imeshaingia, zamu ya Fundi ilikuwa inakaribia kuanza.

Mlango ulifunguliwa. Bi Madoa aliingia na chupa ya chai, akaiweka chini, akaanza kufungua vifungo vya blauzi bila hodi wala salamu.

"Mlete mjukuu. Zamu yangu ni ya mchana. Nimelea sita, joto ninalo la kugawa."

"Bi Madoa, jana ulituokoa," Fundi alisema. "Ulijuaje?"

"Watu wawili wakikunja shuka lazima waambiane: vuta, inua, njoo. Nyinyi hamwambiani kitu, shuka linajikunja. Na siku mkigombana, kona hazikutani." Alimpokea mtoto, akamlaza kifuani, uso ukalainika. "Nenda kaongee nao. Tafuta njia. Lakini rudi kabla sijaitwa kazini, Kengele hasamehi mchelewaji."

* * *

Afisa utumishi wa kiwanda anaitwa Bwana Taratibu, kwa sababu hajawahi kuinua sauti wala kuharakisha kitu. Wewe unatokwa jasho, yeye anakoroga chai. Kengele naye alikuwa humo ofisini, mikono kifuani.

"Unaomba likizo ya baba," Bwana Taratibu alisema.

"Ndiyo."

"Ya mtoto wa Dada Mjane."

"Ndiyo."

"Fundi, mtoto huyo ana baba. Amekufa."

"Nafahamu."

"Wewe ndiye uliyesoma rambirambi. Nilikuwepo. Nililia."

Njia nzima Fundi alikuwa amejiandalia la kusema, na sasa aliliona jinsi lilivyo dogo. "Nataka kumuoa. Mtoto atakuwa wangu."

"Kutaka hakuna likizo. Nikitoa likizo kwa kila anayetaka kuoa, nani atafua?" Alikoroga chai tena. "Ila sheria haina roho mbaya hivyo. Baba akiwa amefariki, ndugu yake wa damu anaruhusiwa kuchukua nafasi. Likizo ileile, mshahara uleule, na mama haki zake haziguswi. Marehemu hakuacha ndugu?"

Fundi alikumbuka kile kichwa kwenye kiganja chake. Alipiga moyo konde.

"Aliacha mmoja."

"Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. Kengele aliteremsha mikono.

"Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Tumbo moja, baba mmoja."

Na hapo, msomaji, hakusema uongo hata chembe.

"Ndiyo maana ulikwama katikati ya rambirambi!" Kengele alisema, na ile sauti yake ya kupasua mabati ilikuwa imepata ufa. "Na mimi jana nimekukejeli mbele za watu. Kumbe ni shemeji yako, kumbe unataka mtoto wa ndugu yako asikose baba. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kanuni."

"Kanuni inasema mke na mume," Bwana Taratibu alisema. "Shemeji hakutajwa. Niletee tu mtu mzima mmoja wa familia athibitishe, na likizo inaanza leo."

Fundi Mvuke alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Njia ilikuwa imepatikana. Mtu mzima mmoja! Angeweza kumwomba hata Bi Madoa ajifanye shangazi. Alikuwa ameshageukia mlango Kengele aliposema:

"Ngoja. Mama yako si yuko hai? Si ndiye uliyemwandikisha kuwa jamaa yako wa karibu siku ulipoajiriwa, anakaa huku nyuma ya soko?"

"Ndi... ndiye."

"Basi ndiye mama wa marehemu!" Kengele alishika kichwa. "Mama amefiwa na mtoto, yuko mji huuhuu, na kiwanda hakijampa hata pole!"

Hapa lazima niseme neno la kumtetea Kengele, maana mmekuwa mkinitumia salamu za kumlaani. Mwanamke huyu alimzika mwanawe wa kiume, kijana mkubwa, na siku ile kazini kwake hakutokea mtu. Tangu hapo mfanyakazi yeyote akifiwa, Kengele anakwenda mwenyewe kukaa na mama wa marehemu. Hatumi mtu wala hapigi simu.

"Mama msimamizi, tafadhali," Fundi alisema. "Moyo wake ni dhaifu. Asikumbushwe."

"Ndiyo maana nakwenda kwa mguu wangu. Na Bwana Taratibu twende wote, tuthibitishe hapohapo, usisumbuke." Funguo za gari zilikuwa zimeshamfika mkononi.

Mama mzazi wa Fundi Mvuke ni mwanamke asiyejua kuficha kitu. Akipewa chakula kibaya ugenini, anasema ni kibaya. Akiulizwa kama nguo imekupendeza, bora usimuulize. Kwa sababu hiyo mwanawe na mkwewe walikuwa wamemficha habari yote ya kifo. Hakujua kwamba kiwandani mwanawe wa pekee ni marehemu. Na sasa watu wawili walikuwa njiani kumpa taarifa.

Fundi alipiga simu akiwa langoni. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena. Mama yake huiweka simu kabatini isichakae.

Gari la Kengele lilimpita, likakata kushoto kuelekea sokoni. Kulia ilikuwa njia ya hospitali, na huko Bi Madoa alikuwa anakaribia kuitwa zamuni. Fundi alisimama katikati ya lango. Akikimbilia kushoto, huenda akamuwahi mama yake kabla hajaambiwa kwamba mwanawe amekufa. Akichelewa hospitali, mtoto anapoa.

Mlinzi alimpigia kelele atoke njiani. Fundi Mvuke akakimbia kulia, na kila hatua alikuwa akimwomba mama yake msamaha.

* * *

"Umekuwa ndugu yako mwenyewe?" Bi Madoa alicheka mpaka mtoto akatikisika kifuani. Kisha alisikia mengine, kicheko kikakauka. "Kengele amekwenda kwa mama yako?"

"Na Bwana Taratibu."

Bi Madoa alimrudishia mtoto, akafunga vifungo vya blauzi harakaharaka, viwili vikakosea matundu. "Nielekeze nyumba."

"Zamu yako je?"

"Zamu itanikuta mbele ya safari. Nielekeze, mwanangu, kuna pikipiki pale nje."

Alitoka. Fundi alibaki kwenye kiti katika chumba cha watoto njiti, mbali kidogo na wodi ya mkewe, amefungwa kitambaa, binti yake kifuani. Muuguzi alipita, akaweka vidole viwili kwenye mkono wake.

"Moyo wako unakwenda mbio. Mtoto anahangaika, unaona? Tulia."

"Ninatulia."

"Hujatulia hata kidogo."

Alijaribu kufikiria boila, namna ya kufungua valvu kidogokidogo, presha ikashuka bila kishindo. Alivuta pumzi, akaitoa. Mtoto alilala. Karibu afanikiwe. Kisha simu ikatetemeka mfukoni.

"Nimechelewa," Bi Madoa alisema, akihema. "Nyumba imefungwa, majirani wanalia barabarani. Wanasema wewe umekufa, Fundi. Nimewaambia hujafa, wananiona nimerukwa na akili. Wamempakia mama yako kwenye gari."

"Wamempeleka wapi?"

"Huko. Aje amwone mjukuu, apate faraja."

Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Hakuweza kusimama, hakuweza kujifunika, hakuweza hata kugeuza kiti. Kilio kilianza kusikika mwisho wa korido, kikakaribia, na Fundi aliitambua sauti tangu mbali. Ndiyo sauti iliyomwimbia akiwa mdogo. Leo ilikuwa ikimlilia yeye.

Mlango ukafunguliwa.

Mama yake alikuwa amevaa ndala mbili tofauti, mtandio umegeuzwa nje ndani. Kengele alikuwa amemshika mkono, naye macho mekundu. Bwana Taratibu alikuja nyuma na faili lake kwapani.

Mama alimwona. Kilio kikakatika.

"Wewe!"

"Shikamoo, mama," Fundi alinong'ona, na kuweka kidole mdomoni. "Mtoto amelala."

"Huyu ndiye aliyebaki, mama," Kengele alisema, akimpapasa bega. "Mshukuru Mungu amekuachia huyu."

"Aliyebaki?"

"Ndugu yake marehemu."

"Marehemu yupi?"

Bwana Taratibu alikohoa kidogo. "Mama, pole sana, najua si wakati wake. Ni kuthibitisha tu. Umejaliwa watoto wa kiume wangapi?"

Fundi alimtazama mama yake. Macho yake yalisema yote: mama, mara moja tu, mara moja katika maisha yako. Mama aliyaona. Alikiangalia kile kichwa kidogo chini ya kidevu cha mwanawe, akaelewa kuna kitu anaombwa, na kwamba ni kikubwa. Nadhani alijaribu. Naapa alijaribu.

"Ni... nili..."

Kisha yale machozi yote aliyolia njia nzima yakageuka hasira.

"Mmoja! Nimezaa mmoja tu, ndiye huyu hapa, na hana hata mafua! Nani ameniambia mwanangu amekufa? Huyo mkwe wangu yuko wapi aniambie ni mchezo gani huu?"

Alikuwa ameshamaliza kila kitu kwa pumzi moja. Mwana, mke na ndoa.

Kengele aliuachia mkono wa yule mama. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Fundi zaidi.

"Wangu nilimzika kweli," alisema. "Nimekwenda kulia na mama mwenzangu. Nimelia naye garini njia nzima." Alifuta uso kwa kiganja. "Vaa shati. Tunakwenda ofisini sasa hivi."

"Hatoki mtu hapa," muuguzi alisema kutoka mlangoni.

"Dada, hii ni ya kazini."

"Na mimi niko kazini!"

Sauti ziligongana chumbani. Fundi alishtuka. Na kifuani mwake, kile kipumzi kidogo kilichokuwa kikimtekenya ngozi tangu jana, kikasimama.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakumsikia.

"Nyamazeni! Hapumui!"

Chumba kikanyamaza. Fundi aliingiza mkono chini ya kitambaa, akaanza kusugua ule mgongo, taratibu, bila kuacha, kama alivyoonyeshwa. Muuguzi alikuwa ameshafika, ameinama juu yake. Mama yake alishika mdomo. Bwana Taratibu alilikumbatia faili kifuani bila kujijua. Kengele alikuwa amesogea hatua moja, mkono umenyooka hewani, haufiki mahali.

"Njoo, mama," Fundi alinong'ona sikioni mwa binti yake. "Njoo, mama yangu. Njoo."

Mtoto alinyoosha mguu, akapiga chafya, akavuta pumzi.

Ndipo waliposikia kitu kikiburuzwa koridoni, chuma juu ya sakafu. Mke wa Fundi alikuwa ametoka kitandani. Mkono mmoja ulishika stendi ya dripu, mwingine ulishika ukuta, gauni la hospitali lilikuwa na doa jekundu tumboni, na midomo ilikuwa imempauka.

"Rudi kitandani!" muuguzi alisema.

"Nitarudi." Alimtazama Kengele, si mwingine. "Aliyemuua ni mimi. Siku ile uliponiuliza, niliogopa kazi, nikamuua mume wangu kwa neno moja. Mama mkwe, nisamehe. Na wewe nisamehe, ulikuja kunipa pole nikakaa nikaipokea."

"Mke wangu, kaa chini," Fundi alisema.

"Kanuni yenu inataka mtu," aliendelea, pumzi zikimkata. "Nichukueni mimi. Chukueni kazi yangu, chukueni likizo yangu. Lakini huyo mwacheni na yake. Mmeona wenyewe anafanya nini hapo. Mkimpeleka ofisini, safari hii mtapata marehemu wa kweli."

Bwana Taratibu alifungua faili. Karatasi ya likizo ilikuwa juu, imeshajazwa, imebaki sahihi ya msimamizi. Chini yake ilikuwa ile ya kuachisha kazi, kwa sababu Bwana Taratibu ni mtu wa kujiandaa. Alimtazama Kengele.

Kengele aliwatazama wote wanne, mpaka yule mdogo. Kisha akaivuta ile karatasi ya juu, akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtoto hakushtuka.